Nyumba ina jina la mume, mimi ni mama wa nyumbani: nina changu?

Mdogo wangu, pole. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na majibu uliyopewa na wengine hapa: ndoa ya miaka 11, watoto wa miaka 4 na 9, nyumba ina jina la mume, hujawahi kuajiriwa, na sasa anakwambia ufungashe urudi kwenu kwa kuwa "hukuja na kitu". Mimi niliambiwa maneno hayo hayo mbele ya mama mkwe. Si mwanasheria, nakueleza njia niliyoipita.

Waliokwambia kesho ukimbilie mahakamani wanakupoteza. Kwa huku Tanzania Bara (Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi na taratibu zao), Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka muanzie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, hilo la kata. Waislamu wengi hupitia la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania). Mnaitwa, mnasikilizwa, na likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti kinachosema hivyo. Bila cheti, madai ya talaka hayasimami. Nimeona mama mmoja kashinda kesi, ikaja kufutwa kwenye rufaa kwa sababu ya hiyo karatasi tu. Mumeo akiitwa akagoma kuja, usikate tamaa. Sheria haikufungi kwa sababu ya ukaidi wake, ila hakikisha baraza linaandika kwamba aliitwa hakuja.

Mimi nilijikwaa hapo hapo. Cheti nilikipata, nikakiweka chini ya godoro kwa sababu wazee wa ukoo waliomba "tuyamalize nyumbani". Vikao vikawa vikao, soda zikanywewa, ikapita miezi minane. Nilipofika mahakamani karani akatazama tarehe tu, akanirudishia. Cheti kinatakiwa kiwe hakijapita miezi 6 toka kitolewe. Nikaanza upya barazani, na safari hii mume wangu alishapata akili, kila wito yupo safarini.

Kuhusu yule aliyeandika kwamba mumeo akikutumia talaka kwa WhatsApp mambo yameisha: hapana. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka inayotolewa baada ya baraza kushindwa kuwapatanisha inaipa mahakama msingi wa kusema ndoa imevunjika, lakini amri ya kuivunja, kugawa mali na kupanga malezi inatoka mahakamani. Mahakama ya Mwanzo inatosha, si lazima uende mbali.

Sasa mali, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa. Ajabu ni kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa, kwa kuwa ilionekana alizifuja pesa alizopewa na mumewe. Lakini mlango aliufungua yeye, sisi tunapita.

Ila usiende pale kulia. Mimi nilidhani machozi yatasema. Hakimu aliinua macho akaniuliza, "Ulichangia nini?" Nikabaki naeleza nilivyonyanyasika. Bahati nzuri shauri liliahirishwa, dada yangu akanikalisha chini. Tukatafuta daftari la kikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopa): mkopo wangu ulikuwa wa mwezi ule ule tulioezeka. Tukamtafuta fundi. Yule baba alisimama akasema bati alikabidhiwa na mimi, na vibarua nilikuwa nawapikia mimi, miezi mitatu, mtoto mgongoni. Ukumbi ulitulia. Nilipata asilimia 40 ya thamani ya nyumba. Wengine walisema ni kidogo. Mimi niliyekuwa nimeambiwa sina hata kijiko, niliona nyingi.

Kwa hiyo kusanya risiti, miamala ya simu, picha za ujenzi, majina ya majirani waliokuona ukimwagilia tofali. Kitu kimoja cha kuuliza mapema: kiwanja ni cha mumeo au ni cha baba yake? Mkiwa mmejenga kwenye eneo la ukoo kazi inakuwa ngumu, maana mahakama haigawi ardhi ya mtu mwingine kirahisi.

Na kama unahisi anataka kuuza, sheria inamkataza kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa yako. Ikiwa na hati, nenda ofisi ya ardhi uweke zuio. Kama ni kiwanja cha karatasi ya mauziano, wahi kwa mwenyekiti wa mtaa, mwandikie barua, ubaki na nakala yenye mhuri wake. Wanunuzi wengi huishia hapo.

Watoto: huyo wa miaka 4, sheria inaanza kwa kudhani mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, ingawa baba anaweza kuonyesha sababu za kinyume. Wa miaka 9 anaweza kuulizwa anachotaka. Wangu wa kwanza aliulizwa, akasema anataka kukaa pale mpira wake ulipo. Tulicheka wote, hata baba yake. Mahakama pia haipendi kuwahamisha watoto ovyo, kwa hiyo ukiondoka usiwaache ukisema utawafuata baadaye. Matunzo anadaiwa baba hata watoto wakiwa kwako. Peleka hesabu ya ada, chakula na matibabu, si kiasi cha kubuni.

Hukumu ikitoka usidhani pesa inakuja yenyewe. Mimi nilirudi kuomba utekelezaji, na mpaka dalali wa mahakama alipotajwa ndipo mtu alianza kulipa, kwa mafungu.

Fedha ya wakili kama huna, usiogope. Kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, hawatozi. Ustawi wa jamii wilayani watakuelekeza. Wiki hii fanya moja tu: nenda ofisi ya kata uulize baraza linakaa siku gani. Ukishapata cheti, piga picha tarehe yake.