Jibu: Mbona ndege za injini nne zinapotea?

Mkuu, umeuliza kama zinaondolewa kwa sababu ni mbovu. Hata kidogo. Tatizo ni mafuta na matengenezo: injini nne za kukagua badala ya mbili, wakati injini za siku hizi zina nguvu kiasi kwamba mbili tu zinavusha bahari abiria zaidi ya 300.

Hofu yako ya injini kuzimika katikati ya bahari ina historia. Zamani ndege ya injini mbili ililazimika kutotoka nje ya dakika 60 za kiwanja cha kutua, zikihesabiwa kwa mwendo wa injini moja. Mwaka 1985 Marekani ikaruhusu dakika 120, baadaye 180; leo Airbus A350, yenye injini mbili, imeidhinishwa hadi dakika 370. Boeing 747, yenye injini nne, ikabanwa hapo. Ya mwisho kuundwa ilikabidhiwa Januari 2023, nayo ni ya mizigo.

Kwenye mizigo bado ni mfalme (hapa nakiri nina upendeleo). Ile iliyotoka kiwandani kwa kazi hiyo pua yake hufunguka kwenda juu, bomba refu likaingia moja kwa moja. Ya abiria iliyogeuzwa hutobolewa mlango ubavuni tu.