Mashine ya michezo iliyokufa: nini kiokolewe kabla ya shaba kupelekwa kwenye mizani

Lubumbashi ni mji wa shaba, na hapa hata mtoto anajua kwamba waya wa zamani una mnunuzi. Ndiyo sababu mashine ya michezo ya video inapokufa, ile ndefu ya kusimama iliyokuwa ikichezwa kwa jetoni (sarafu za bandia) kwenye baa, mnunuzi wa vyuma chakavu hufika kabla ya fundi. Anaipima transfoma kwa macho, anataja bei, na mwenye mashine, aliyekwisha kuchoka kuiona ikimjazia kona, anakubali. Nimefungua mashine kadhaa za namna hiyo, nyingine zikiwa tayari zimeporwa nusu, na ushauri ninaoutoa ni huu: usipange vipande kwa uzito wala kwa bei ya leo, bali jiulize ni kipi ambacho hakitatengenezwa tena kiwandani, kisha uanze na hicho.

Cha kwanza, kwa maoni yangu, ni skrini ya mrija wa kioo. Lakini kabla ya kuithamini ni lazima uiogope. Ikiwa inafanya kazi, mrija hupokea volti 20,000 au zaidi, na sehemu ya chaji hiyo huweza kubaki ndani hata baada ya mashine kuchomolewa kwenye umeme. Fundi huiondoa kwa bisibisi yenye mpini usiopitisha umeme, ambayo chuma chake kimeungwa kwa waya na ule waya wa kusukwa, usio na ganda, unaopita mgongoni mwa mrija. Ncha ya bisibisi huingizwa chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa kioo, huku mkono wa pili ukiwa mbali na mashine. Ikiwa hujawahi kuona kazi hiyo ikifanywa, mwite fundi wa televisheni za zamani; mtaani bado wapo, na wanaijua vizuri kuliko vijana wa simu.

Baada ya hapo, chungulia ndani ya shingo ya mrija. Utaona doa jeusi au la rangi ya fedha lililoshika kwenye kioo. Likiwa limegeuka jeupe, hewa imeingia, na mrija huo hautawaka tena. Basi koili ya shingoni, yaani waya wa shaba uliozungushwa hapo, inaweza kwenda kwa mnunuzi bila majuto. Doa likiwa zima, hifadhi mrija pamoja na koili yake na kadi yake ya umeme (ubao wenye vipande vya elektroniki), bila kuvitenganisha, kwa sababu vilirekebishwa kiwandani vikiwa pamoja, na kuvilinganisha upya ni kazi ndefu. Kivuli cha mchezo kilichoungua juu ya kioo ni kasoro ya kuvumilia.

Kadi ya mchezo yenyewe ndiyo roho ya mashine, na ni rahisi kuiua kwa nia njema. Chipu zenye kidirisha kidogo cha kioo huhifadhi programu, nayo hufutika kwa miale ya jua, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa juu ya kidirisha isibanduliwe. Kisha tazama betri. Ikiwa ni ya kuchaji na imevujisha maji yaliyoacha kutu ya kijani, iondoe mara moja na usafishe mahali hapo kwa siki kidogo, kisha kwa alkoholi. Lakini kuna kadi ambazo mkono lazima usite mbele yake: kwa mfano, kadi za kampuni ya Capcom za mfumo wa CPS-2, ulioanza mwaka 1993, hutumia betri kuhifadhi funguo za siri zinazofungua programu, na ukiing'oa, mchezo unagoma kuwaka. Kuzirudisha funguo hizo kunawezekana, ila kunahitaji mtaalamu na vifaa.

Transfoma ndiyo inayoleta ubishi na mnunuzi. «Papa, hii ni shaba tupu», ataniambia, na kweli shaba imo ndani. Lakini katika mashine nyingi kadi ya skrini imeungwa moja kwa moja na umeme inaoupokea, na transfoma hiyo ndiyo inayotenganisha chuma cha skrini na umeme wa ukutani. Ukiiuza halafu ukawasha skrini bila hiyo, umemtegea mtu kifo. Mashine zilizotoka Marekani, zilizotengenezwa kwa volti 120, huweza kuitegemea pia ili zipokee volti zetu 220. Mimi siiuzi hata mrija ukiwa umekufa.

Nyaya zisikatwe. Mashine nyingi zilizotengenezwa baada ya 1985 hufuata mpangilio mmoja wa nyaya uitwao JAMMA, wenye kiunganishi cha miguu 56, na fungu zima la nyaya lenye kiunganishi hicho litapokea kadi nyingine ya mpangilio huohuo. Kigawa umeme, yaani kifaa kinachoipa kadi umeme wake, hununuliwa kipya bila shida. Ukiamua kubaki na cha zamani, pima kwa mita volti 5 na volti 12 kabla ya kukikaribisha kwenye kadi, hasa hapa kwetu ambapo umeme hupanda na kushuka.

Vitufe, fimbo za kuchezea na swichi zake ndogo visikupotezee siku, kwani vipya vinapatikana. Kipokea sarafu nacho kina kazi ndogo katika nchi inayotumia noti tupu: bila jetoni zake, kitufe cha kawaida kilichoungwa kwenye waya wake kinatosha kuanzisha mchezo.

Sanduku likiwa la mbao za unga zilizovimba kwa mvua au kuliwa na mchwa, liache liende. Kabla ya hapo, lilaze juu ya karatasi kubwa, chora umbo la ubavu wake kwa penseli, na uandike vipimo vya mahali skrini ilipokaa na pembe yake. Kwa mchoro huo, seremala wa komini ya Katuba au ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, atakuchongea jingine kwa mbao bora kuliko zile za kwanza.