SSD haijafa hiyo, rudisha AHCI kwanza

Usinunue chochote mkuu! Unauliza SSD (diski ya kuhifadhia data) ipi ni nzuri na kama uongeze na RAM, wakati mwenyewe umeandika kwamba uliingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) ya hiyo Dell ukabonyeza Load Defaults, yaani rudisha mipangilio ya kiwandani, na tangu hapo Windows haiwaki na flashi ya kupigia Windows inaleta orodha tupu ya diski. Sasa fundi anasema imeungua. Imeungua kwa kubonyeza kitufe?

Mimi nilipigwa hivyohivyo. Fundi mmoja Kariakoo, mtu wa kukuita "bosi" kila baada ya sentensi, alichomeka flashi, akaona patupu, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari za msiba. Nikatoa laki na themanini. Akafunga SSD mpya, nayo haikuonekana! Hapo ndipo akaingia BIOS, akageuza kitu kimoja, ikaonekana. Nami nikamshukuru, nikamwachia na ile "marehemu" akaitupe. Picha za harusi, hesabu za duka, vyote vilikuwa humo. Sijui nani anaangalia harusi yangu leo, natumaini chakula kimempendeza.

Alichogeuza ni SATA Operation, mpangilio wa BIOS unaoamua kompyuta inavyoongea na diski, kwa AHCI (njia ya kawaida) au RAID On. Dell nyingi zikirudi defaults zinakaa RAID On, na aliyekupigia Windows bila shaka aliweka AHCI. Kwenye RAID On diski inapita kwa Intel RST, mfumo wa Intel wa kusimamia diski, na flashi isiyo na draiva ya RST haiioni ng'o. Data zako ziko palepale.

Washa ukigonga F2, tazama kwanza System Information. Jina la SSD likiwemo, huyo fundi anataka hela yako tu. Nenda System Configuration, SATA Operation, chagua AHCI, Apply, toka. Ikidai namba 48 za BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) usishtuke, mara nyingi zimehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Narudia kwa herufi kubwa maana watu hamsomi: USIFUTE WALA USINUNUE KABLA HUJARUDISHA BIOS ILIVYOKUWA. Wanaokwambia "piga Windows upya tu" data si zao.

Leta mrejesho. Na hata kama imekufa kweli, ondoka nayo mfukoni.