Usiamini mwanzo wa video: kusinki (kuoanisha) sauti na picha kwenye programu ya sauti

Wadau, kuna swali naulizwa sana na vijana wanaorekodi kwaya na ngoma hapa Dodoma: video imeingia vizuri kwenye programu ya sauti, mwanzo iko sawa kabisa, ukifika wimbo wa tatu mwimbaji ameshafunga mdomo ila sauti bado inaimba. Wengi wanalaumu kompyuta. Mi nawaambia kabla hujagusa chochote, hata EQ ya kurekebisha besi na treble, nenda mwisho wa video kaangalie huko, maana mwanzo ukiusogeza kwa mkono unakaa tu, hata kama faili lina matatizo.

Mimi natumia Reaper, ni nyepesi, unaijaribu siku 60 bure na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Video unaiburuta unaiachia kwenye treki kama faili lolote la sauti, halafu Ctrl+Shift+V dirisha la picha linafunguka. Likibaki jeusi kwenye Windows, mara nyingi inakosekana FFmpeg au VLC, Reaper inazitegemea kufungua aina nyingi za video. Wa Audacity, ile programu nyingine ya sauti, poleni, ile inakutolea sauti tu kutoka kwenye video na hata hiyo ni mpaka uwe na FFmpeg, picha huioni kabisa, sasa utasinki na nini?

Shida kubwa ni video za simu. Simu nyingi hazirekodi fremu (zile picha moja moja zinazounda video) kwa mwendo mmoja, giza likiingia inapunguza, mashine ikipata joto inapunguza, na jua la Dodoma la saa nane mchana unalijua mwenyewe. Kwa hiyo imeandikwa fremu 30 kwa sekunde lakini ndani kuna sehemu zimepungua, na programu inayohesabu kama vile fremu zote ziko sawa itaanza kupishanisha picha na sauti kidogo kidogo. Ifungue kwanza na MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili, ukikuta Frame rate mode imeandikwa Variable usiiingize hivyo hivyo, ipitishe HandBrake, programu ya kubadilisha video, chagua Constant Framerate na namba iache ileile, kama ni 30 ibaki 30. Halafu angalia 29.97 na 30 zisichanganywe, zinafanana ila programu ikisoma moja kama nyingine ndani ya saa moja umeshapishana sekunde 3.6. Na video usiipokee kwa WhatsApp kama video, mwambie aliyerekodi aitume kama dokumenti, la sivyo unapata kitu kilichokamuliwa.

Upande wa sauti weka projekti kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, ndo kawaida ya video. Reaper inajibadilishia yenyewe ukiweka faili la 44,100, ila kuna sehemu faili linasomwa kwa namba isiyo yake, 44,100 ikachezwa kama 48,000, hapo saa nzima inaisha kwenye dakika 55 na yule mzee wa besi anasikika kama kijana wa sekondari.

Sasa kitu ambacho watu hawakiongelei. Tuseme uko Chamwino unarekodi muheme, ngoma ya Wagogo, akina mama wanapiga, maiki zako ziko karibu na ngoma na simu iko kwenye stendi mita 30 nyuma ili kundi lote lionekane. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpaka ifike kwenye simu imechelewa karibu milisekunde 90, yaani zaidi ya fremu mbili kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde. Wewe nyumbani unachukua mawimbi ya rekoda (ile michoro ya sauti kwenye skrini) unayalinganisha na mawimbi ya simu, yanalala sawasawa, unafurahi, kumbe umeichelewesha sauti yako safi ifanane na ile iliyochelewa. Ndo maana mimi sauti ya simu naitumia kutafuta pa kuanzia tu, kisha naizima na kuangalia mkono, fremu ambayo kiganja kinagusa ngozi ndo napoweka mlio. Muheme ni mzuri sana kwa hili, pigo linaonekana wazi, kwaya ndo ngumu kwa sababu mdomo unafunguka kabla ya sauti. Tena upepo wetu wa kiangazi ukipuliza kwenye maiki ya simu, mawimbi yote yanakuwa mngurumo mtupu na ile ya kulinganisha otomatiki inakosea vibaya. Mwambie mtu apige kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, na jingine mwisho, hili la mwisho watu wanalisahau wakati ndo la maana zaidi.

Ukibaki na shaka, kosea kwa kuchelewesha sauti. Kipimo cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kinasema mtu anaanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa ni mpaka kama 125, na inaeleweka, maisha yetu yote sauti ya mbali huwa inakuja nyuma ya tukio.

Kofi la kwanza likikaa na la mwisho likapishana kidogo wakati video umeshaipitisha HandBrake, hiyo ni saa ya rekoda na saa ya simu kutokwenda sawa, vifaa viwili vina mapigo mawili. Usikate kate. Shika mwisho wa kipande cha sauti huku umebonyeza Alt, vuta mpaka kofi likae, na zima ile ya kutunza toni, mabadiliko ni madogo mno sikio halisikii na sauti inabaki safi. Ukiwa na treki kadhaa za rekoda moja zifunge kundi kwanza ndo uvute, la sivyo ngoma zinaachana zenyewe kwa zenyewe, na hapo ni bora uanze upya.

Kazi hii yote fanya na hedifoni za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti, utajikuta unasahihisha ucheleweshaji wa hedifoni yako. Hata mteja akipiga simu kwamba video imepishana muulize kwanza anasikilizia wapi, mara nyingi utakuta ni spika ya Bluetooth, mwambie aizime asikilize kwenye simu yenyewe, na aanzie dakika za mwisho.