Las Vegas kikazi: kasino niingie au nisiingie?

Dada, pole na hongera ya safari. Umesema ofisi yenu ya utalii hapo Moshi inakutuma mkutanoni Las Vegas na unaogopa kasino. Kuikwepa ni ngumu. Hoteli nyingi kubwa kule, ukitoka mapokezi kwenda kwenye lifti unapita katikati ya mashine za kamari. Pita zako, hakuna wa kukushika mkono.

Ukitaka kuonja, tenga dola 20, posho iache kwenye sefu chumbani. Ruleti ya Kimarekani, ule mchezo wa gurudumu na kijipira, ina namba 38: 1 hadi 36, halafu 0 na 00. Ukipatia namba moja wanakulipa 35 kwa 1. Piga hesabu uone nani anakula. Vinywaji kwa wachezaji huwa bure, mhudumu umpe bakshishi ya dola moja hivi. Ila pombe ya bure na kikao cha asubuhi, mh!

Mimi ningehofia zaidi ada ya hoteli ya kila siku, inayoongezwa juu ya bei ya chumba, na amana wanayozuia kwenye kadi. Mbane mhasibu aseme nani analipa kabla hujafika uwanja wa ndege wa KIA.