Jarida la mafundi injini: usikimbilie kila mwezi

Ndugu yangu wa Arusha, nimekuelewa: unataka kutoa jarida la kila mwezi kwa mafundi wanaofumua na kuunda upya injini, na fedha ya kuchapa toleo la kwanza unayo. Mimi naogopa la tatu, akiba ikiwa imekwisha na wenye maduka ya vipuri bado wanakwambia "njoo wiki ijayo". Toa kila miezi mitatu, kurasa chache.

Chagua injini moja kwa kila toleo. Hapo ulipo ningeanza na 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota Land Cruiser, maana magari ya utalii yanaitegemea sana: silinda sita, kipenyo cha silinda 94 mm, mwendo wa pistoni 100 mm. Onyesha jinsi ya kupima silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kabla ya kuamua kuichonga ipanuke. Pengo kati ya ncha za ringi ya pistoni nalo lipimwe ndani ya silinda yenyewe. Fundi atalipia hayo. Habari za magari mapya anazipata bure kwenye simu.

Kila tarakimu ya kukaza bolti ihakikiwe na fundi asiyeandika makala hiyo, kwani kosa la uchapaji linaweza kuua injini ya mtu. Michoro ya vitabu vya kiwanda ina hakimiliki; piga picha zako karakana. Muuza ringi akileta makala, iandikwe "tangazo", hata kama ni rafiki yako.

Leseni usiibahatishe: muone wakili kuhusu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kisha upite Idara ya Habari (MAELEZO) kabla hujalipa kiwanda cha uchapaji.