Muvi za kucheka na za mapenzi: DJ anafaa wapi, na wapi anaharibu

Mkuu wa Uyole, umeuliza kwa nini ukijaza flashi muvi kumi za vichekesho na mapenzi unamaliza mbili tu, na uweke zipi za kuangalia na mkeo pamoja na mama mkwe aliyekuja kutoka Tukuyu. Kosa ninaloliona ni kwamba aina zote mbili unazichukua zilizotafsiriwa, halafu unazipima kwa kipimo kimoja.

Nianze na DJ, yule anayetafsiri muvi kwa Kiswahili kwa kuongea juu ya sauti yake. Kwenye vichekesho DJ ni faida. Utani wa maneno wa Kimarekani ukifika Mwanjelwa umeshapoa, kwa hiyo DJ anautupa na kuweka wake: stelingi anapewa jina la mtaani, bosi anageuzwa mwenye nyumba anayedai kodi. Kibanda umiza kizima kinacheka alichosema DJ, na hakuna aliyepunjwa. Mapenzi ni kitu kingine, yanakaa kwenye ukimya. Mtu anafungua mlango, anamkuta aliyemwacha miaka mitatu iliyopita, anakosa la kusema. Zile sekunde kumi za kutazamana ndizo ulizokuja kuona. Sasa kwa DJ ukimya ni kama redio iliyozimika, lazima aujaze: "Hapa jamaa anawaza, huyu mtoto bado mkali!" Muziki nao umeshushwa ili sauti yake isikike. Kinachobaki ni watu wawili wamesimama mlangoni. Ndiyo maana unaziacha katikati. Za mapenzi chukua orijino, au iliyoigizwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Kipimo cha vichekesho ni rahisi: zima sauti dakika tano. Ukiendelea kucheka, hiyo inachekesha kwa mwili na hata mama ataifuata bila mkalimani. The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980 inapita mtihani huu vizuri. Ile Land Rover isiyo na breki, inayoishia kuning'inia juu ya mti kwa waya wake yenyewe, haihitaji lugha. Ikiwa bila sauti unaona watu wamekaa kwenye makochi wanaongea tu, hiyo ni ya maneno, mwachie DJ.

Za kwetu zina mtihani wake. Marehemu King Majuto alikuwa na vyote, uso na ulimi, na lafudhi aliyotumia ilikuwa ya kwao Tanga. Tatizo ni zile zinazomweka mtu wa Iringa aseme "kamwene" mara mbili, avae koti kubwa, basi tucheke. Hayo ni mavazi tu, kichekesho bado hakijaanza. Ukiona hilo kwenye dakika kumi za mwanzo, toa.

Muvi ya mapenzi ipime kwa kikwazo. Jiulize: hawa wawili wakipigiana simu moja wakaelezana ukweli, kesi imeisha? Kama ndiyo, saa nzima utakuwa unasubiri simu. Alimwona na dada yake akadhani ni mchepuko, akapanda basi akaondoka... achana nayo. Kikwazo cha kweli simu haikiondoi. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 inasimama hapo: binti ameshaahidiwa mtu mwingine, mama yake mwenyewe anawaambia watoroke, na kijana anakataa. Anataka baba amkabidhi binti kwa mkono wake. Kwa familia inayojua uzito wa barua ya posa, huhitaji kumweleza mama kitu. Ila ni dakika 189. Ukianza saa tatu usiku, na baridi hii ya Juni, watu watalala kabla ya harusi. Anza saa moja na nusu.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, ina kikwazo kizito pia: Yasmin anayekimbia ndoa ya mzee na Denge anayepambana na wakoloni Zanzibar. Inakwenda taratibu, ningewaachia wewe na mkeo.

Kwa usiku wa kwanza mkiwa watatu, weka City Lights ya Charlie Chaplin. Ni ya 1931, dakika 87, na hawaongei kabisa. Muuza maua kipofu anasikia mlango wa gari ukifungwa, anadhani lofa aliye mbele yake, Chaplin mwenyewe, ni tajiri. Ngumi ulingoni, Chaplin akijificha nyuma ya refa, mama atacheka. Halafu mwisho: dada ameshapona macho, anamwonea huruma lofa mmoja wa barabarani, anampa ua na sarafu. Anaposhika ule mkono ndipo anamtambua. Usikubali mtu aongee hapo.

Zote zipitie mwenyewe kwanza: ruka dakika ya 30, ya 60, na kumi za mwisho. Kukimbilia rimoti mbele ya mkwe ni kukiri kosa.

Kuhusu maandishi ya chini kutolingana na sauti: kama yamechelewa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, ile programu ya kuchezesha muvi kwenye kompyuta, bonyeza G au H mpaka yakae sawa. Kama tofauti inazidi kukua, faili la maandishi lilitengenezwa kwa mwendo mwingine, picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na kila saa moja unapotea kama dakika mbili na nusu. Hapo G na H hazisaidii, tafuta faili la toleo lilelile la muvi yako. Lipe jina sawasawa na la muvi, uliweke kwenye folda moja nayo, la sivyo tivii nyingi hazilioni.